Tofali Moja Linalala Juu ya Mawili

Ukitembea naye, hufiki. Hilo ndilo neno la kwanza watakalokuambia watu wa jengo letu pale Glenwood, hapa Durban. Mnatoka pamoja kwenda kununua mkate, hatua ishirini tu, mzee anasimama. Anaweka kiganja kwenye ukuta wa mtu asiyemjua, anafumba jicho moja, anautazama kutoka kona hadi kona. Kisha anatoa hukumu. "Huyu alikuwa na haraka." Au: "Huyu alikuwa na njaa, lakini alikuwa na mwalimu." Mbwa wa mwenye nyumba anabweka mpaka sauti inamkauka, mzee hana habari. Mkate mtaukuta umeisha.

Tulimwita Papa Masoni. Kwetu Congo mwashi ni masoni, na yeye jina jingine hakulikubali. Nilimjua miaka tisa mpaka tulipomzika, na chumba chake kilitenganishwa na changu kwa ukuta mmoja ambao aliusema vibaya kila asubuhi Mungu alipoamsha watu. "Mama Saluni," ananiita kutoka upande wa pili, "unanisikia?" Nakusikia, Papa. "Basi ukuta gani huu? Hii ni pazia!"

Mchana alilinda magari. Alivaa kizibao cha kung'aa cha rangi ya chungwa, na kofia ya sufu hata siku zile joto la Durban linapokubandika nguo mgongoni, akasimama mbele ya maduka, mkabala na saluni yangu. Gari likirudi nyuma alilielekeza kwa kidole kimoja, pole pole, jicho moja limefumbwa, na ukiegesha ukiwa umepinda alikurudisha uanze upya. Kuna wenye magari waliokasirika. Wengine walizoea, wakawa hawaegeshi mahali pengine.

Mikono yake haikufanana na mwili wake. Mwili ulikuwa mdogo, mkavu, lakini mikono ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mtu mkubwa. Kidole gumba cha kulia kilikuwa bapa. Alisema kilikuwa bapa kwa kazi. Mwalimu wake wa zamani, kule Uvira, alimfundisha kwamba kila nyumba masoni anachagua tofali moja likiwa bado bichi, analibonyeza kwa kidole gumba, linakwenda tanuruni na alama yake. Baadaye tofali hilo linawekwa kushoto kwa mlango, chini, usawa wa goti. "Mwenye nyumba ataandika jina lake juu ya mlango," alisema, "sisi tunaweka kidole chini. Masoni haandiki jina."

Mambo ya namna hiyo alikuwa nayo mengi. Lile alilolipenda kuliko yote ni kwamba tofali moja linalala juu ya mawili. Usipange tofali juu ya mwenzake sawasawa, nyufa zikafuatana kutoka chini hadi juu, kwa sababu ukuta huo utapasuka kama kitenge kinavyochanika kwenye mshono. Kila tofali lishike wenzake wawili chini yake, na wawili wa juu walishike. Alilisema kwa kuta, akalisema kwa ndoa, akalisema hata kwa nywele. Siku moja aliingia saluni, akasimama nyuma ya msichana wangu wa kazi aliyekuwa anasuka, akatikisa kichwa: "Mistari yako inafuatana. Iko na bahati kichwa hakianguki."

Usidhani alikuwa malaika. Hao wanaomsifu leo hawakuishi naye. Kuta alizisubiri zikauke wiki nzima, lakini robot, zile taa za barabarani, hakuisubiri hata dakika. Taa nyekundu inawaka, yeye huyo katikati ya barabara, mkono umeinuliwa kama waziri. Alisema mtu mwenye kazi hapigi kelele, na yeye sauti yake ilisikika mpaka kona ya pili. Na chumbani kwake, jamani! Rafu yake ya vyombo ilishikwa na boksi la kadibodi na kamba ya kiatu. Nilimwuliza, Papa, wewe masoni, rafu inakushinda? Akaniambia mbao si kazi yake, kila mtu na Mungu wake.

Mbona hakujenga hapa, basi? Alijaribu. Alipofika alikwenda kwenye kiwanja cha ujenzi, wakamwuliza makaratasi ya shule ya kazi. Makaratasi yalikuwa yameungua Uvira pamoja na mabati ya nyumba yake, picha zake na kila kitu. Wakampa toroli asukume mchanga. Akasukuma miezi miwili, ameuma meno, anatazama vijana wanapanga matofali ovyo. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Watu wakiwa kwenye chakula, alikwenda kwenye ukuta wa mwenzake, akabomoa mistari mitatu kwa mikono yake, akasafisha matofali, akayapanga chini vizuri, akawangoja ili awaeleze kosa. Alifikiri watamshukuru! Kwao Uvira mwalimu alikuwa anabomoa ukuta wako na wewe unasema aksanti. Hapa walimfukuza kabla hajamaliza sentensi, na jioni hiyo alikuwa hana hata toroli.

Alikuwa na mjukuu mmoja, Furaha, wa miaka kumi na mitatu. Mama yake Furaha, binti wa mzee, alifanya kazi Westville katika nyumba ya watu na kulala hukohuko, akija Jumapili. Kwa hiyo mtoto aliishi na babu. Mzee ndiye aliyempikia, ndiye aliyempigia pasi sketi ya shule, na mikunjo ya sketi ile, nakuapia, ungeweza kuipima kwa timazi. Furaha alikielewa Kiswahili chetu chote, lakini ukimsemesha alijibu Kiingereza.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Hapa Durban kila mtu alikuwa mtu mkubwa alikotoka. Huyu auzaye vifuniko vya simu alikuwa mkurugenzi; yule anayenyoa alikuwa na magari matatu. Huwezi kumkatalia mtu, wala huwezi kumwamini. Jumamosi moja kabla ya Pasaka, saluni imejaa, Furaha yuko kwenye kiti anasukwa, mzee akapita nje ameweka kiganja ukutani. Mteja mmoja akauliza, yule mzee ana nini? Na mimi na mdomo wangu huu nikasema: "Huyo ndiye aliyejenga Uvira nzima! Kama wote wanaosema walijenga wangekuwa walijenga kweli, Congo ingekuwa na ghorofa mpaka mwezini."

Watu walicheka. Furaha naye alicheka, alicheka mpaka machozi, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha mtoto. Mjinga mimi.

Baada ya Pasaka nikaona kitu. Shule ya Furaha iko juu ya mlima, na watoto wakitoka wanashuka kwa barabara yetu. Kila siku saa ile ile, kengele ikilia, mzee alikuwa anaacha magari, anageukia ule ukuta mwekundu wa zamani ulio nyuma yake, anaukazia macho. Nilidhani ni yale mambo yake. Mpaka siku moja nilikuwa nje naanika mataulo, nikaona watoto wanashuka, na Furaha yumo na rafiki zake wawili, upande wangu wa barabara, anatazama simu. Walipopita wakapotelea kwenye kona, mzee akageuka, akarudi kwenye magari yake.

Nikavuka. "Papa, ule ukuta iko na nini?"

"Iko na tumbo. Umevimba pale katikati. Naichunga."

"Kila siku saa nane na nusu?"

Akavuta zipu ya kizibao juu, akaishusha. "Mutoto iko na rafiki zake," akasema. "Rangi ya nguo hii inapiga kelele, Mama Saluni. Mgongo wa mtu haujulikani ni wa nani."

Nilirudi saluni nikaingia chooni, nikalia. Nilijua ni kicheko cha nani kilichomfundisha yule mtoto kuona haya. Lakini ungefanya nini? Utamwita mtoto umwambie, mheshimu babu yako? Heshima ya kuamriwa inafika mlangoni tu.

Likizo ya shule ilipofika, dada yangu mdogo akashuka kutoka Joburg na watoto wake wawili kutembea mji. Mimi nilikuwa nimepanga bahari. Watoto wakasema hapana, kuna makumbusho ya matofali ya kuchezea mjini, wameyaona kwenye simu. Nikasema, mmesafiri usiku kucha kuja kutazama plastiki? Dada akaniambia ninyamaze, yeye ndiye analipa. Basi nikamchukua na Furaha, awe na wenzake, na nikagonga ule ukuta wetu wa pazia: "Papa Masoni, vaa koti. Tunakwenda kuona matofali."

"Matofali ya namna gani?"

"Njoo utaona."

Alivaa koti la harusi ya mtu mwingine na viatu vilivyong'aa. Lifti aliikataa, alipanda ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu akigusa ukuta, na sisi tukamngoja juu. Furaha alisimama mbali kidogo, kama mtu anayengoja watu wengine.

Halafu mlango ukafunguliwa.

Ulikuwa mji. Mji mzima! Ilikuwa Durban yetu, imejengwa kwa matofali madogo kuliko ukucha, imejaza ukumbi kutoka dirisha hadi dirisha. Bandari ilikuwepo, na winchi zake zimeinua shingo, na meli zina makontena ya kila rangi. Bluff, kile kilima cha ng'ambo ya bandari, ilikuwepo, kijani tupu, na nyumba zake zimeshikilia mlima. Uwanja wa mpira na upinde wake. Watu wa urefu wa kidole ufukweni, mmoja ameshika mwavuli, mmoja ameanguka na baiskeli. Taksi nyeupe zimefungana kwenye robot, na dereva mmoja ametoa mkono nje, nadhani anatukana. Watoto wa dada walipiga kelele. Dada akasema "Yesu wangu." Mimi nilizunguka kutafuta Glenwood, nikaipata, nikatafuta barabara yetu, na moyo ulinipiga kwa kuogopa kujikuta nimesimama mlangoni na mataulo.

Mzee alivua kofia. Miaka yote ile, sikuwahi kuona kichwa chake. Alivua ile kofia ya sufu akaishika kifuani kwa mikono miwili, kama anayeingia kanisani maiti ikiwa mbele. Hakuuliza ni plastiki ya nini. Alitembea pole pole sana kando ya ule mji, ameinama, jicho moja amelifumba. "Mikono ya watu," alisema. "Unaona, Mama Saluni? Moja moja. Hakuna aliyeruka hata moja."

Tulipomaliza mzunguko wa kwanza, hayupo. Nilimkuta nyuma kabisa, mahali wageni hawafiki, amepiga magoti na koti lake mbele ya mnara wa kanisa.

"Nani masoni wa hapa?" aliniuliza. "Mwite."

"Papa, tafadhali. Watatutoa."

"Mwite. Hii itapasuka."

Mhudumu alikuwa amekwisha kutusikia, akaenda kumleta mwenye kazi. Alikuja mama mmoja Mhindi wa Durban, wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni, vidole vina plasta. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa waliojenga ule mji. Nikamtafsiria huku nimeona aibu mpaka masikioni: mzee wetu anasema kwenye mnara huu, upande wa nyuma, matofali manne yamelala juu ya wenzao sawasawa, ufa umefuatana.

Yule mama akavaa miwani, akapiga magoti kando ya mzee. Wakatazama wote wawili. Mama akasema kwamba ni kweli, matofali marefu yalimwishia siku ya mwisho, akajaza kwa mafupi, akaugeuza upande huo nyuma. Hakuna aliyewahi kuona. Akamtazama mzee usoni. "Wewe ni mjenzi?"

Hilo lilikuwa Kiingereza chepesi, mzee alilielewa. Alimtazama Furaha, na Furaha alitazama sakafu. Nilisubiri aseme, mtu wa sauti ile, anayesikika mpaka kona ya pili, na hakusema.

Nikajibu mimi. "Ndiyo," nilisema, kwa sauti ya saluni nzima. "Ni masoni. Ni masoni mkubwa, na mimi nilimcheka."

Yule mama hakuelewa habari ya kucheka, lakini ya umasoni ilimtosha. Alitupeleka kwenye meza ya wageni, ambapo kila mtu anaruhusiwa kujenga anachotaka, akamwaga mbele ya mzee sanduku zima la matofali mekundu.

Mwanzo uliniuma. Vile vidole vikubwa havikuweza. Tofali linaruka, linaanguka chini ya meza, anainama kulitafuta. Aliyachukua mawili akayagonganisha sikioni, kwa sababu tofali zuri linalia kama kengele. "Haya ni bubu," akasema, na watoto wa dada wakacheka, na yeye akacheka. Furaha alikuwa amesimama. Tofali moja likavingirika mpaka kwenye kiatu chake. Akaliokota, akalishika, kisha akavuta kiti akaketi, akaanza kumpa moja moja.

Mzee alijenga nyumba yake ya Uvira. Hakujaribu, hakubomoa, hakurudia. Alipanga kama mtu anayesoma barua anayoijua kwa moyo. Huku anaeleza, pole pole, kwa Kiswahili chetu. "Hapa ni baraza. Hapa sebule. Dirisha hii inatazama ziwa, asubuhi jua linapita lote. Hapa chumba cha bibi yako. Mlango wake ulikuwa mfupi, alinigombeza mpaka akafa. Ukuta huu, mama yako alijifunzia kutembea. Aliushika, akafika pale mwisho, akakaa chini akapiga makofi." Kila tofali lililala juu ya mawili. Wageni wakaanza kusimama, wakawa duara. Mama wa miwani alisimama nyuma yao, mikono kifuani.

Kushoto kwa mlango, chini, aliacha tundu. Alichukua tofali moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Alilibonyeza kwa nguvu zake zote. Plastiki haikubali, ndugu yangu. Alipoondoa kidole, tofali lilikuwa vilevile, na kidole ndicho kilichobaki na alama, vile vijiduara vinne vya juu ya tofali, vimezama kwenye ngozi. Akakitazama, akashangaa.

Furaha akakishika kile kidole. Alikisogeza karibu na macho, akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akachukua lile lile tofali akalibonyeza kwa kidole gumba chake, muda mrefu, akatazama vijiduara vyake vinne, akakiweka kidole chake kando ya kile cha babu. Akaliweka tofali kwenye tundu.

"Nyumba iko bado?" aliuliza baadaye. Kwa Kiswahili.

"Mabati waliyachoma. Kuta, sijui." Akavaa kofia yake. "Kuta zangu si rahisi."

Yule mama aliomba nyumba ibaki kwenye rafu ya mlangoni, akataka jina la kuandika kwenye kadi. Mzee akakataa. Masoni haandiki jina. Tukiwa tunatoka niliona mama amerudi kule nyuma ya mji, amepiga magoti, anang'oa matofali manne ya mnara.

Njiani Furaha alitazama dirishani mpaka nyumbani. Nikajiambia, usitarajie, mtoto ni mtoto, siku moja haifuti kicheko chako.

Shule zikafunguliwa Jumanne. Saa nane na nusu nilikuwa nje na mataulo, ingawa mataulo yalikuwa yamekwisha kukauka. Kengele ikalia juu mlimani. Mzee akaelekeza gari la mwisho, akageukia ukuta wake wenye tumbo.

Watoto wakaanza kushuka. Furaha alikuwa na wale rafiki zake wawili, upande wangu, kama kawaida. Wakafika usawa wa saluni. Wakapita. Nilishika taulo kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, haya, mtoto, sikulaumu, kosa ni langu.

Hatua chache mbele, akasimama. Akawaambia wenzake kitu. Robot ilikuwa mbali na hakuingoja; aliinua mkono katikati ya barabara, gari likafunga breki, akavuka, na wale wawili wakamfuata mbio. Akasimama nyuma ya mzee.

"Babu."

Mzee hakusogea. "Pita, mama," akauambia ukuta, sauti ya chini. "Rafiki zako wanakungoja."

"Wako hapa."

Nikaona mkono wake mkubwa unatafuta zipu, anaanza kukifungua kizibao haraka haraka, na zipu inamkwama. Furaha akamshika mkono.

"Kiache, Babu. Geuka. Nataka wakuone."

Akageuka.